Kitambaa cha Rangi Mbili

Jumamosi. Mvua imenyesha hapa Mundika tangu asubuhi, nami nimeshinda ndani na sindano ya kroshia, nikijikasirikia.

Mama yangu ameshona vitambaa vya makochi tangu kabla sijazaliwa, vyote vyeupe. Kwake rangi ni ujanja wa watu wanaoficha makosa. Siku hizi ninahangaika na macho yake. Anapapasa meza akitafuta kikombe, na chai nyingine anaimwaga nje ya kikombe. Nikitaja kliniki ya macho kule Nangina, ananiinulia kitambaa anachoshona: "Nabwire, kama mimi sioni, hii nani ameshona?"

Kitambaa chake kimenyooka kuliko changu.

Sasa kuna dada mmoja wa Malaba anayengojea wageni wa mahari, na anataka vitambaa vyeupe vyenye maua ya manjano hafifu. Nilikubali kabla ya kuijua kazi yenyewe. Nimejifunza kwa video za simu, nikisimamisha na kurudisha nyuma mpaka bando likaisha. Nilichogundua ni kwamba rangi mpya haingoji shono lake. Inaingia mwishoni mwa shono lililotangulia, vitanzi viwili vya mwisho vikiwa bado kwenye sindano. Hapo ndipo unapovuta uzi mpya upite. Ukichelewa, ua linatoka na meno kingoni. Uzi unaopumzika haukatwi. Unaulaza juu ya mstari na kuushonea ndani mpaka zamu yake ifike.

Nilifuata yote hayo, na bado kitambaa kilijikunja kama chapati ya roleksi iliyoviringishiwa mayai.

Mchana nilisalimu amri, nikampelekea Mama. Alipitisha vidole upande wa chini, akacheka. "Umevuta sana. Hii uzi ya ndani inataka nafasi. Ukimaliza laini moja, nyoosha kitambaa kwanza, ndio uendelee." Akafumua kazi yangu bila kuniomba ruhusa. Nikamweleza habari ya vile vitanzi viwili, akaokota nyuzi zote mbili mapajani, akaanza. Vidole vyake vilielewa mara moja. Nilifurahi sana kumtazama, nikajiona mjinga kwa wasiwasi wangu wote, nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye maharagwe.

Niliporudi, kitambaa kilikuwa kimelala vizuri na ua limekamilika, halina jino hata moja.

Lakini ua lilikuwa jeupe, na pande zote kulizunguka ni manjano.

Nikadhani ananitania. Nikamuuliza mbona amegeuza rangi. Mama aliinuka, akasimama mlangoni penye mwanga, akazisogeza nyuzi karibu na uso, moja moja.

"Nyeupe ni gani?"

Nilimwekea mkononi. Niliogopa, na bado ninaogopa ninapoandika haya. Kumbe uzi mweupe haujawahi kumdai macho. Vidole vilitosha, na ndiyo maana sote tulimwamini.

Safari hii hakuniinulia kitambaa. Jioni, tukimenya ndizi, aliuliza kwa sauti ya chini gari za Nangina hutoka saa ngapi. Nikamwambia ni mapema, nitamwamsha Jumatatu.

Hakuna aliyemlazimisha, kwa hiyo nadhani jambo hili la macho alilijua. Ameogopa peke yake tangu lini?