Yamaha ya Babu Yako

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kikole hatujambo, mikorosho imetoa maua, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama babu yako nilimpendea Yamaha yake. Hata! Vijana wenye pikipiki walipita kwetu kila siku wakizingurumisha ili tuwachungulie. Siku tulipofiwa na bibi yangu, wakaja vilevile. Babu yako alipoona watu wamekaa jamvini, akaizima, akashuka, akaisukuma mchangani mpaka akatupita. Wenzake walimcheka. Mimi, na machozi yangu, nikauliza yule ni mtoto wa nani.

Picha ya mchumba wako na pikipiki yake ya zamani nimeiona. Inang'aa kweli. Sasa niambie, akipita penye msiba hufanyaje?

Bibi yako,
Somoe