Kashuka na Mwenzake, Atapanda Jioni

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo lisilorudi nyuma. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na minane, ni karani katika ofisi ya madini ya mkoa, na nakueleza kazi yangu ili uelewe nilivyogundua ninayotaka kukuambia, maana ninayetunza daftari la maeneo yote yenye kibali ni mimi, migodi, machimbo ya mawe na kokoto, na maeneo ya utafiti, jumla yake arobaini na matatu, yametapakaa katika nchi kame ambayo gari linaweza kwenda kutwa nzima bila kukuta hata kibanda cha kununua maji, na ukutani nyuma ya kiti changu kuna ramani kubwa niliyoichoma pini kwa mkono wangu, nyekundu ni mgodi, buluu ni machimbo ya mawe, njano ni utafiti, kwa hiyo mtu akiniambia yuko mahali fulani simwulizi mara mbili, nageuza shingo tu.

Mume wangu ni fundi wa mashine ya kuchoronga, na yuko pini ya njano, namba thelathini na moja, juu ya kilima, anakaa kambini wiki tatu na nyumbani wiki moja. Kazi ya utafiti, kama huijui, ni kutoboa mwamba kwa vitundu vyembamba ambamo hata mguu wa mtoto haupiti, kutoa vipande, kuvipanga kwenye masanduku na kuandika ripoti, basi, na shimo kubwa kuliko yote wanaloruhusiwa kuchimba ni la choo. Ndiyo maana wakaguzi wetu huenda kwenye pini nyekundu kila mwezi, lakini za njano huleta ripoti tu, nami nazigonga muhuri.

Tumeishi vizuri miaka tisa, siwezi kumsingizia, alikuwa akirudi na mfuko wa nguo zenye vumbi la kijivu, anautupa mlangoni, nagomba, anacheka, nafua. Sasa huu ni mwezi wa nne, mshauri, nguo zinarudi zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, zinanukia sabuni ambayo kwetu hatununui, na nilipomwuliza nani anakufulia akasema anafua mwenyewe, mume wangu huyu ambaye soksi aliyoivua kwa mkono wake huitafuta kwa kuniuliza mimi. Suruali zake mbili zimechakaa magoti, magoti tu, kwingine nzima, na kwa ndani mtu ameshona vipande vya godoro kwa mkono, mshono wa kutulia kabisa, wala mimi sijawahi kumwona ameshika sindano. Nikabaki najiuliza, anampigia nani magoti?

Halafu simu. Zamani nilimpata mchana wote, maana kilima kile kina mtandao kuliko mjini, lakini siku hizi kuanzia asubuhi mpaka jioni hapatikani, na akipiga jioni anahema kama mtu aliyekimbizwa. Akiwa nyumbani hataki mlango ufungwe, hata kuoga anaoga mlango wazi mpaka watoto wanamcheka, nami nadhani ni ili asikie simu ikiita. Na mara ya mwisho kabla hajaondoka aliniketisha kitandani akanionyesha hati ya kiwanja ilipo, akaniandikia namba ya kaka yake kwenye karatasi, akasema, "Ujue tu, mama watoto." Mtu anayekuaga utamjua. Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha sufuria zilizokuwa safi huku nalia.

Dada yangu mkubwa, ambaye ameachika mara mbili na dalili anazijua kuliko daktari, aliposikia habari ya nguo alisema, "Mwanamume akishafuliwa nje keshahama, kilichobaki ni viatu." Sikutaka kumsikiliza, lakini Jumatatu iliyopita moyo ulinishinda, nikapiga simu ya kambi saa nne asubuhi nikiwa ofisini, akapokea mpishi wao, mama mmoja mwenye haraka, nasikia mifuniko inagongana, nikamwuliza fundi yupo.

"Kashuka," akasema.

"Kashuka na nani?"

"Na mwenzake. Atapanda jioni."

Akakata simu. Mshauri, huku kwetu watu wa kambi za kilimani wakienda mjini husema wanashuka, wakirudi wanapanda, na chini ya kilima kile kuna kamji kenye nyumba za wageni mbili, ninazijua maana ofisi yetu hulala huko. Nikageuza shingo nikaitazama ile pini ya njano, nikaona kama inanicheka. Nimepiga tena mara tatu, siku tofauti, na jibu ni lile lile, kashuka na mwenzake, kashuka na mwenzake, wala hakuna hata siku moja ambayo mpishi yule aliona aibu.

Jumamosi gari la ofisi linapeleka vifaa upande huo, nimeomba viti viwili, mimi na dada, na dada ameshachagua viatu vya kukimbilia. Sasa naomba uniambie, niende nikawafumanie, au ninyamaze, nifungashe vilivyo vyangu, arudi akute nyumba tupu? Bado nampenda, nasema bila haya, na ninachoogopa kuliko yote ni kumpoteza.

Ni mimi, Mke wa Pini ya Njano.

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Pini ya Njano, pole sana, lakini futa machozi upesi, maana nitakugombeza na muda hatuna. Dada yako mwambie avue viatu. Mjuzi wa kuachwa si lazima awe mjuzi wa ndoa yako.

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilipika kambini miaka minne, tena kambi ya machimbo. Mpishi wa kambi hana habari na mahawara, anahesabu sahani. Mtu akienda mjini mpishi atakuambia kaenda mjini, na atakuwa amemtuma chumvi. Akisema "kashuka", anazungumzia mtu ambaye chakula chake kinafunikwa mpaka atakapotoka chini ya ardhi. Na chini hawaendi mmoja mmoja. Huyo "mwenzake" unayemwandalia kucha ana ndevu, na pengine huko kwao naye mkewe anatafuta mwanamke.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kwenye pini ya njano shimo linaloweza kummeza mtu ni la choo peke yake. Sasa mumeo anashuka wapi kutwa nzima?

Isome tena barua yako, safari hii kwa macho ya karani. Hakuna hawara duniani anayemshonea mwanamume godoro ndani ya suruali. Hayo ni magoti ya mtu anayetambaa, na ngozi ikichubuka sana hata asiyejua sindano huijua. Simu haipatikani kwa sababu ndani ya mwamba hakuna mtandao. Anaoga mlango wazi kwa sababu ameshinda mahali pembamba na mwili wake haujasahau. Nguo anazifua kwa sababu vumbi la kuchoronga ni la kijivu, na wewe uliyemfulia miaka tisa ungeliona tope la rangi nyingine hajavua hata viatu. Na hati ya kiwanja je? Mume anayehamia kwa mwanamke mwingine hati huificha, hakuonyeshi ilipo. Alikuwa anakuaga kweli. Ila si kwa sababu ya mwanamke.

Huko juu mtu ameona kitu kizuri kwenye vile vitundu, akashindwa kungoja kibali cha uchimbaji, akafungua shimo na kuwashusha mafundi wake, akijua hakuna mkaguzi atakayefika kwa kuwa pini ni ya njano. Anakuletea ripoti safi, nawe unagonga muhuri.

Hapa nakushuku na wewe. Karani unayekijua kila kilima kwa namba yake, hukuona? Mimi nadhani uliona, ukageuza shingo upande mwingine. Ulimtaka mwanamke kwa sababu mwanamke unamweza, utamkunja, utamtukana, atakimbia na mumeo atarudi. Shimo huwezi kulifumania. Sikulaumu kwa kuogopa, nakulaumu kwa wiki nzima uliyoitumia kumwonea wivu mtu mwenye ndevu.

Yeye naye kakuficha kwa sababu angekuambia, ungelazimika kuchagua kati yake na ule muhuri. Akaona afadhali achoke magoti kuliko wewe uchague. Huo ni upendo, ila ni upendo wa kijinga, na siku ukimpata mwambie nimesema hivyo.

Hukuniachia namba ya simu. Ungeniachia, jibu hili lisingengoja gazeti. Kwa hiyo hapo ulipo, mpigie yule mpishi umwulize swali moja tu: kashuka kwa gari au kwa kamba? Akisema kwa gari, nimekosea, mchukue dada yako mwende, nami nitakuomba radhi kwenye safu hii watu wote wakisoma. Akisema kwa kamba, au akinyamaza hata kidogo kabla ya kujibu, Jumamosi ni mbali mno.

Usimpigie msimamizi wa kambi hata kwa heri. Akisikia harufu ya ofisi atakimbilia kufukia ushahidi, na sitaki mtu yeyote afukie chochote watu wakiwa chini. Nenda kwa mkuu wa wakaguzi, useme mbele ya watu wawili, iandikwe kwenye daftari la matukio, nawe uondoke na nakala mkononi. Akikwambia funga mlango tuzungumze, usiufunge. Sijui nani katika ofisi yenu anaijua habari hii tangu zamani, na wewe pia hujui. Sema waziwazi kwamba waliomo humo wameamrishwa, wapandishwe kwanza, maswali yaje baadaye. Gari litoke leo, na vile viti viwili wakalie mkaguzi na mtu wa uokoaji. Kuhusu mihuri uliyogonga, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Itakuuma, lakini utapumua.

Mumeo atakasirika. Atasema umemponza, umemkosesha kazi, umemwaibisha mbele ya wenzake, na mengine atayasema kwa kaka yake ili yakufikie. Mwache. Mume aliyenuna hukaa sebuleni, haitikii salamu, anakula akitazama ukuta, na siku ya tatu anauliza chai iko wapi. Huyo tunamweza.