Jiko Lililokuwa Likitoka Lenyewe

Mtaa wa Najma, Doha

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa kitinda mimba wako. Goti la kushoto linasemaje? Baridi ya Kinangop bado inalichokoza, au sasa unapiga magoti kanisani bila kushikwa mkono? Mimi ni mzima. Nimelitanguliza hilo makusudi, kwa sababu nitakayokueleza yatakushtua, na kwenye simu ungeanza kulia kabla sijamaliza. Ndiyo maana nimempa mwenzangu anayekuja likizo karatasi hii.

Mama, Doha kuna baridi. Najua huko mnaniwazia nikikauka juani kama omena, na miezi mingine ni kweli. Lakini Januari hii upepo umetuandama, nami naishi chini ya ardhi. Nyumba yenyewe ni ya zamani, na chumba chetu kimechimbwa chini yake. Mwenyewe alianza kukijenga akakiachia njiani: kuta ni matofali matupu, sakafu ni saruji yenye mabonde. Tunalala wawili, mimi na Musa, dereva kutoka Kabale, Uganda. Asubuhi nikitoka zamu ya ulinzi, blanketi nalikuta na unyevu.

Basi nikajifanya fundi. Nilitoboa kopo la rangi kwa msumari, nikanunua makaa wanayochomea nyama hapa, nikayawasha nje mpaka yakawa mekundu, vile ulivyokuwa ukifanya. Musa alikuwa ameshaenda kazini. Nikateremsha jiko langu, nikaziba kidirisha kwa sweta, nikafunga mlango. Joto lilipokolea nikasikia harufu ya kwetu. Nikakuona ukiingia na jiko baada ya chakula, ukiliweka kati ya vitanda vyetu sisi watatu, ukituambia tunyamaze. Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikalala, nimefurahi kabisa.

Kilichoniokoa ni Musa kusahau leseni yake. Aliporudi kuichukua aliniita, sikuitika. Alinikokota ngazini mpaka uani, nikatapika, kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu.

"Banange! Unataka nikurudishe kwenu kwa sanduku?" alinifokea. "Makaa ndani, na mlango umefunga?"

"Nyumbani tulikuwa tunalala nayo kila siku. Mama mwenyewe alikuwa anatuletea."

"Ikilala ndani mpaka asubuhi?"

"Ndiyo."

"Haiwezi. Nani alikuwa anaitoa?"

Hapo nikakumbuka kwamba kila asubuhi nikienda kukama, nililikuta jiko barazani, majivu yamepoa. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza lilifikaje pale. Kumbe ulikuwa ukikaa macho, na uchovu wote wa shamba, ukitungoja tulale ndipo ulitoe. Asante, Mama. Nimechelewa sana kukuambia.

Sasa tuna hita ya umeme, ya mtumba, na sakafu tumeitandika maboksi. Wa juu wakichemsha chai, umeme unakatika, tunawalaani kidogo halafu tunavaa makoti. Joto lipo. Lakini hita haina harufu yoyote, na tangu siku ile nyumbani napatamani mpaka nashindwa kula vizuri.

Nisalimie kaka Kamau akipiga simu kutoka Nakuru. Mwambie dada Nyambura mtoto wake nimemwona kwenye picha, pua ni ya kwetu. Salamu pia kwa jirani yetu Mama Kibe anayekusaidia kukama, na tafadhali msomee barua hii yote, hasa hapa mwisho.

Uliniambia siku hizi unaingia na jiko chumbani peke yako, goti lipate joto. Sisi wote tumeondoka, Mama. Ukipitiwa na usingizi, nani analitoa?

Mwanao anayekuwaza,
Ndung'u