Leva Mbili za Pikapu Yako

Njeru, rafiki yangu,

Pikapu yako imetembea. Naanza na hiyo kwa sababu wewe salamu ungeziruka utafute habari za gari.

Tangu tukuzike, transfa yake, ile gia-boksi ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilikaa mezani hapa gereji kwetu Runyenjes, wazi vile ulivyoiacha, umeifunika gunia. Wateja waliuliza ni ya nani. Nikisema ya Njeru, wananipa pole. Sikuwa na moyo wa kuigusa.

Kisha ndugu yako Nyaga akaja, anataka pikapu iuzwe. "Hiyo si gari ya mama," akasema. "Mama Wawira ataiweza wapi na hiyo bega yake mbovu?" Mkeo mwenyewe akakataa katakata. Bila pikapu, maji na ndengu vitafikaje nyumbani Gachoka? Wakapatana hivi: akiipandisha mwenyewe ile njia ya kwenu ikiwa na mzigo, ni yake. Akishindwa, Nyaga atafute mnunuzi.

Ndipo nikatoa gunia.

Unakumbuka tulivyobishana? Gari lilikuwa na leva moja. Ukitaka gia ya nguvu, lazima na magurudumu ya mbele yaingie kazini. Wewe ukataka leva mbili, moja ya nguvu, nyingine ya magurudumu ya mbele, kila moja ijitegemee. Nikakwambia waliounda gari si wajinga, wameweka kipini cha chuma kinachozuia gia ya nguvu kuingia peke yake, ili mtu asivunje ekseli ya nyuma. Ukacheka, ukakichomoa kwa sumaku. "Ireri, wewe kazi yako ni kuogopa tu." Lakini hizo leva mbili zilikuwa za nini hasa? Hukusema, nami nikabaki na swali hilo hata baada ya matanga.

Niliirudisha transfa garini, nikafunga kila kitu, nikainua gari juu ya mawe, magurudumu yote hewani, nikawasha. Leva ya kwanza: ya nyuma yakazunguka polepole, kwa nguvu, ya mbele yametulia tuli. Leva ya pili: ya mbele yakaamka. Nilirudia na kurudia kama mtoto aliyepewa tochi. Halafu nikalia, Njeru. Ulikuwa umepatia, na hukuwepo nikutukane.

Kilichonishinda kuelewa ni umbo la zile leva. Ulikuwa umezikata fupi na kuzipinda hadi karibu kabisa na kiti. Nilipokaa zilinigonga goti, nami si mrefu kama ulivyokuwa wewe. Nikadhani ugonjwa ulikuvuruga vipimo. Nusura nizipashe moto nizinyooshe.

Siku yenyewe ilifika, njia kavu, ngumu kama sakafu. Mama Wawira akasogeza kiti mbele kabisa, si unajua alivyo mfupi, akashusha mkono. Leva ikaingia kiganjani. Pale mlangoni nikaelewa ulikuwa umepima mkono wake, si wako.

Akaweka gia ya nguvu peke yake. Ya mbele yakabaki huru, usukani mwepesi. Kwa ile leva ya zamani, ya mbele yakiwa kazini, pale kwenye kona ya josho la ng'ombe usukani ungekaza na bega lile lingemsaliti. Aliikata kona akipiga mluzi. Gari lilipofika nyumbani, Nyaga, aliyekuwa nyuma juu ya magunia ya samadi, alishuka akaanza kuyapakua. Hakuna aliyemwambia.

Sasa niambie. Kazi hii uliianza kabla daktari hajatamka lolote, wakati bado unakula githeri sahani mbili. Ulijua? Au ulitaka tu siku moja ukae pembeni, mkeo akuendeshe? Nilimuuliza yeye. Akasema, "Aliniambia amechoka kushika usukani." Njeru, wewe! Ungechoka kupumua kwanza. Nimewaza hadi kichwa kinauma na bado sijui, na nimekukosa vibaya sana kwa sababu ya jibu hilo moja.

Pumzika, ndugu yangu. Ekseli ya nyuma bado naamini itavunjika, kwa hiyo nitaichunguza kila baada ya mavuno. Na kuanzia juma hili namfundisha Mama Wawira kubadilisha oili ya transfa kwa mikono yake, asije akanitegemea mimi, kama ulivyokataa akutegemee wewe.

Wako,
Ireri