Rejoice Anasimama Katikati ya Mbio

Mpendwa mshauri wangu Anti Lillian, naomba msaada, lakini kwanza nakusalimia wewe na watu wote ya redio huko Arua, na yule anayekuwekea muziki, mwambie apunguze sauti kidogo ukiwa unasema. Sisi hapa Lobule iko wazima. Mzee yangu Lomoro, baba ya watoto, anakusalimia, ule mguu aliyoangukia na baiskeli imepona, sasa anapeleka muhogo Koboko kama zamani. Mama mkwe yangu Driwaru anakusalimia sana, macho inamsumbua lakini masikio iko kali, kipindi yako haimpiti hata moja. Kijana yangu Constantino anakusalimia, yeye kazi yake ni kula. Evelyn mdogo anakusalimia, jino ya mbele imetoka na hataki mutu aone. Rejoice ndiyo hakusalimii, kwa sababu leo siku ya tano hasalimii mutu, na ni yeye nakuandikia habari yake.

Anti, huyu Rejoice iko na miaka kumi na tatu na ni mtoto wa adabu. Mimi shule niliishia darasa ya tatu lakini adabu nimemfundisha mwenyewe. Kwangu ukimwita mara moja anaacha kila kitu, hata mwiko inabaki ndani ya sufuria, anageuka, anaitika "Mama", anakuja mpaka mbele yako. Hii ya kuitikia mbali kama unajibu mbuzi, hapana, sitaki, na mama mkwe yangu hataki.

Sasa shuleni wakaleta softiboli, ile ya kupiga mpira na kigongo halafu unakimbia kuzunguka vituo nne, wanaita besi, mpaka unarudi nyumbani, pale ulianzia, na kocha yao Madamu Candiru akasema mkono ya huyu mtoto iko na nguvu, na kweli iko, kunguru wote ya Lobule wanaijua. Mimi nikafurahi, nikasema hii mchezo nitaijua, na sijakosa mechi hata moja, nakaa pale pale karibu na mstari na namsaidia na mdomo kwa sababu miguu yangu imechoka.

Lakini Anti, kichwa yake! Mkono iko, miguu iko, kichwa haiko. Jumamosi iliyopita tulicheza Koboko na wasichana wa Arua. Mpira ya kwanza ikamwanguka, nikamwambia, "Rejoice, umeangusha!", yeye akabaki anaangalia chini kama amepoteza sindano, na ya pili ikapita katikati ya miguu. Ikaja ingine nikamwambia mapema, "Tupa! Tupa!", akaangalia mwenzake wa besi ya kwanza, mpira yenyewe bado haijafika ndani ya glavu, ikagonga kidole ikaenda zake. Akashika kigongo. Nikamwambia, "Angalia vizuri, usipige ovyo!" Basi akaangalia! Mipira tatu mizuri ikapita mbele ya pua yake na yeye amesimama na kigongo kama mutu analinda mtama. Nikataka kulia.

Halafu mwishoni kabisa, Anti, tumebaki nyuma na moja tu, akapiga. Akapiga mpaka mpira ikaenda kwa mbuzi za watu. Besi ya kwanza akapita, ya pili akapita, mimi nikasimama, kitenge ikaanguka sikujali, nikaita, "Rejoice! Rejoice weee!" Na yeye akasimama. Katikati ya njia! Akageuka akaniangalia. Msichana wa Arua akaja na mpira akamgusa hapa begani, pole pole, kama anamsalimia, ikawa auti, ikawa mwisho. Uwanja mzima wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Mtoto, kimbia, mama anakutuma chumvi!"

Njiani nikamuuliza, "Rejoice, ni nini ilikusimamisha?" Akasema, "Mama, uliniita." Nikamwambia, "Nilikuita nikupe nguvu! Usiniletee visingizio!" Jumatatu akamrudishia Madamu Candiru glavu, akasema hachezi tena. Madamu ametuma neno kwamba Ijumaa anaandika majina ya watakaokwenda Arua Jumamosi, na kama Rejoice hajachukua glavu yake, atampa mwingine. Lomoro anasema mwache, muhogo ya kumenya iko nyingi. Mama mkwe yangu anasema kuna mutu amemwangalia vibaya, tumpeleke aombewe. Mimi sijui. Namwona jioni iko nyuma ya nyumba, mkono inarusha kitu hewani na hakuna mpira.

Anti, nimfanye nini huyu mtoto kichwa yake irudi? Nijibu haraka, usingoje Ijumaa ipite, redio yetu nimeitia betri mpya na wote tumekaa karibu. Ni mimi Keji, mama ya Rejoice, Lobule.

*

Mama Rejoice, salamu zimefika, na kijana wa muziki amekusikia, amepunguza. Mwambie Evelyn acheke tu, jino litaota.

Sasa nisikilize, na Bibi Driwaru asogee karibu zaidi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kichwa mimi. Mnatafuta nani amemroga mtoto, na mtoto amekujibu mwenyewe njiani, kwa maneno mawili: "Mama, uliniita." Ukamwambia ni visingizio! Miaka kumi na tatu umemfundisha kwamba ukiita anaacha mwiko ndani ya sufuria, anageuka, anaitika. Jumamosi uliita. Aliacha mbio, akageuka. Ulitaka afanye nini, mama? Kichwa chake kilifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Kilikutii wewe mbele ya uwanja mzima, na uwanja ukamcheka, na wewe ukamgombeza. Mimi pia ningerudisha glavu.

Usilie, bado sijamaliza. Yale mengine si yako yote. Kuangusha mpira mmoja na kubaki nao rohoni mpaka wa pili upite, hilo ni kosa la kila mtoto anayecheza, hata wale wa Arua waliowafunga. Nimeuliza mtu anayefundisha mchezo huu hapa mjini, Bwana Asiku, akaniambia yeye huwaambia wasichana wake: ukiangusha, futa vumbi kwenye glavu mara moja, pumua, halafu vumbi likianguka na mpira ule umeanguka nalo, umekwisha. Mwambie Rejoice hilo. Na mpira kwanza uingie ndani ya glavu, ndipo macho yamtafute mwenzake. Na akishika kigongo, mpira mzuri akiuona apige, hata akikosa. Anayekosa akipiga amecheza. Anayesimama tu amelinda mtama, kama ulivyosema.

Lakini ataufutaje mpira ulioanguka ikiwa wewe unamtangazia kwamba umeanguka? Alijua! Ulikuwa mkononi mwake! Atasubirije uingie kwenye glavu ikiwa unapiga kelele atupe? Nani alimwambia asipige ovyo? Mtoto huyu ana makocha wawili, na mmoja hajui mchezo, ana sauti tu.

Fanya hivi, na ufanye leo, maana kesho ni Ijumaa. Kumwombea si vibaya, lakini hajarogwa, usimtembeze. Lomoro amenye muhogo wake na Constantino, huyo anayekula. Wewe mwite Rejoice, kwa mara ya mwisho kabla ya mechi. Akija, usimwambie acheze. Mwambie kwanza pole, ulikuwa wewe. Najua mama zetu hawakutuomba pole. Iseme hata hivyo. Halafu, mbele ya bibi yake, ili isije ikaitwa utovu wa adabu baadaye, mwambie kwamba sheria ya kuitika inaishia kwenye mstari wa uwanja. "Ndani ya uwanja nikikuita, usigeuke." Bibi akubali kwa sauti, mtoto asikie. Bibi Driwaru, najua unanisikia, sema ndiyo.

Glavu ataifuata mwenyewe kesho asubuhi akitaka. Usimsindikize. Mkono unaorusha hewa nyuma ya nyumba unatosha kukuonyesha anataka nini.

Jumamosi, kama jina lake limo, njoo Arua. Kaa ng'ambo, mbali na mstari, na utie muwa mdomoni, mrefu. Akiangusha, tafuna. Akipiga mpira ukafika kwa mbuzi za watu, tafuna. Apite ya kwanza, ya pili, ya tatu, wewe tafuna tu, hata kitenge kikianguka. Mguu wake ukikanyaga nyumbani na mwamuzi akinyoosha mikono kuonyesha amefika salama, hapo tema, simama, mwite jina lake kwa nguvu zako zote. Ataacha kila kitu, atageuka, ataitika, atakuja mpaka mbele yako. Ndivyo ulivyomlea.