Sabuni Iliyolala Pembe

Karakana ya Sabuni,
Mlango wa Kijani, nyuma ya duka la vitabu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Chaki,

Hujambo huko uliko? Yale mafua yamekuachia, au bado unakunywa maji baridi kama mtu aliyetumwa? Na mama yako mdogo anayekulea huko, mguu wake sasa unamruhusu kupanda ngazi? Sisi huku tu wazima. Bibi yako kifua kimetulia, na mdomo, kama unavyomjua, haujawahi kuugua.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Kwamba muhula huu ukiisha unataka kuacha uhasibu ukasomee ubunifu wa michoro, na baba yako amekujibu kuwa kuchora si kazi, ni kupitisha wakati. Unaniomba nikusemee, tena unauliza kama kazi hiyo inamlisha mtu na inataka moyo gani. Chaki, kaka yangu namjua tangu tunagombea shuka. Ukimsukuma, anakaa chini. Kwa hiyo sikumsukuma. Ila Mungu si Athumani, jambo limejileta lenyewe, na limeletwa na sabuni.

Unajua sabuni zangu zilikuwa zinauzwa zikiwa zimefungwa karatasi tupu. Mwezi uliopita lile duka kubwa la kona likaniambia halipokei tena kitu kisicho na lebo. Nikatafuta dizaina, nikampata binti mmoja mwenye miwani mikubwa na maneno machache. Nikampa matakwa yangu: waridi, njiwa, mikono inayonawa, picha ya bibi yako enzi za usichana wake, na chini namba za simu za ukoo mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Samahani, mama, hii itakuwa lebo au ukuta wa matangazo?"

Nilinuna. Bibi yako alicheka mpaka kikohozi kikataka kurudi.

Nilidhani atafungua kompyuta pale pale abofyebofye, tumalize. Wapi. Aliomba kipande cha sabuni, akanawa nacho, akakinusa, akakitia kwenye mkoba. Kisha akaenda kukaa juu ya ndoo katika kibanda cha yule mama anayeniuzia rejareja, akawa anasikiliza tu wateja wanavyoiomba. Leo yupo, kesho yupo. Nikasema moyoni, hapa nimeliwa.

Sasa kumbuka kile kisanduku cha kukatia sabuni alichonitengenezea baba yako. Pembe zake alizipima kwa kufuata fremu ya mlango wangu wa nyuma, na fremu hiyo aliitengeneza yeye mwenyewe, imeinama kama jirani anayesikiliza umbea. Tangu hapo kila sabuni hutoka ncha moja imelala. Mganga hajigangi. Tumekuwa tukiificha kasoro hiyo ndani ya karatasi, na baba yako, fundi seremala anayeheshimika mtaa mzima, hapendi itajwe mbele yake.

Alhamisi dizaina akaleta kazi yake. Baba yako alikuwa juu ya ngazi akinibadilishia bawaba za dirisha, kwa hiyo aliona yote. Hapakuwa na waridi wala njiwa. Kulikuwa na umbo moja la kijani, kipande cha sabuni chenye pembe moja iliyolala, na chini yake jina letu kwa herufi nene. Hata karatasi ya kufungia ilikuwa imekatwa kwa kufuata pembe hiyo hiyo.

Baba yako akashuka, nyundo mkononi. Alidhani anachekwa.

"Nani alikwambia habari za kisanduku?"

"Kisanduku gani, mzee?" Binti wa watu hakuelewa kitu. "Mimi nimewasikia wateja. Wengi hata jina la sabuni hawalijui. Wanasema, nipe ile iliyolala pembe. Mkiinyoosha, wataitafuta wasiione."

Baba yako akaiweka nyundo chini. Kisha akaomba aone binti alivyoifikia lebo hiyo. Binti akatoa kwenye mkoba rundo la michoro ya penseli, mingine pembe imelala mno, mingine haijalala vya kutosha, yote ameikataa mwenyewe. Baba yako akaipitia mmoja mmoja, akipima kwa kidole gumba.

"Kumbe na huku kuna kupiga randa," akasema.

Chaki, aibu aliyoibeba miaka yote ile niliiona ikimtoka usoni. Nikageukia sufuria nikajifanya nakoroga, maana machozi yalikuwa yananijia.

Ndipo nikamuuliza yule binti maswali yako, baba yako akisikia. Akasema kazi inamlisha sasa, lakini alianzia kwenye duka la fotokopi, akitengeneza kadi za watu huku akijifunza. Wateja wanaomsumbua zaidi ni wale wanaosema "fanya chochote tu," halafu wanakataa kila chochote. Akasema mkono mzuri hautoshi. Asiyejua kusikiliza watu, au asiyeweza kumnyima mama wa watu waridi lake, kazi itamshinda. Kwa hiyo mwanangu, usiende huko kwa sababu tu unakimbia hesabu, kwani binti huyo naye anashinda na vipimo kutwa. Nenda kama unayapenda hata yale makaratasi ya kutupwa. Mimi naamini unayapenda. Ukuta wa jikoni kwangu ni shahidi, na sijaupaka rangi mpaka leo.

Kukuhusu wewe, baba yako hakutamka neno. Ila yule binti alipoaga, baba yako alimuuliza alisomea wapi, akaliandika jibu kiganjani kwa penseli. Basi vuta subira, na usimwandikie kwa hasira.

Nisalimie sana mama yako mdogo. Bibi yako anakusalimu, na anauliza kwa nini picha yake imekataliwa. Mdogo wako naye anakusalimu, sasa ananizidi urefu na kiburi. Mungu akulinde, akunyooshee njia, na palipopinda akuonyeshe faida yake.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ukinichorea kuta,

Mama Sabuni

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Baba yako amepita sasa hivi, ananiuliza Chaki akikaa kitini, kiwiko chake kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Nikamuuliza anataka kujua ya nini. Akasema kuna mbao zinamjazia karakana bure, na meza ya kuchorea haitengenezwi kwa kukisia. Jipime upesi unijibu. Pembe usiwe na wasiwasi nazo, kipimia pembe ameazima kwa jirani, na mlango wangu hakuutazama hata kidogo.