Akina Kailemia Saba na Fahali Aliyepimwa Mimba

Mshauri Gladwell,

Nakuandikia nikiwa na furaha na woga kwa pamoja, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa huku Meru, na mchumba wangu Njuki, anayeishi mtaa wa Dallas kule mjini Embu, ndiye aliyetutengenezea programu ya simu ya kuandika ni ng'ombe gani amepandishwa na atazaa lini, na mwezi ujao wazazi wake wanakuja kwetu kuzungumza mahari, kwa hivyo unaona mahali nimesimama.

Programu ina matoleo mawili. La kwanza unafungua kijiji, ndani ya kijiji unapata boma, ndani ya boma unapata ng'ombe. La pili, lililokuja tarehe 4 Februari, unafungua jina la mwenye ng'ombe na papo hapo unaona ng'ombe wake, na linapendeza na ni la haraka sana. Lakini linaonyesha jina moja tu, na wewe unajua kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, sasa mzee Kailemia ana wana sita na kila mmoja ameita mwanawe wa kwanza Kailemia, kwa hivyo ukifungua unakuta akina Kailemia saba wamepangwa mstari kama kwaya, bila kijiji wala boma.

Tarehe 19 Februari, nikiandika ng'ombe wa mzee aliyepandishwa, nilibonyeza Kailemia wa tatu badala ya wa kwanza, na tarehe 6 Mei daktari wetu mpya wa mifugo akaenda kupima mimba kwa mjukuu badala ya kwa babu, akavaa glavu hadi begani, akaletewa fahali, ng'ombe pekee wa boma lile. Yule mjukuu alicheka mpaka akaketi chini. "Daktari, pima tu, lakini huyu akiwa na mimba mimi nahama kijiji!"

Tangu siku hiyo nimeyalinganisha matoleo yote mawili kwenye simu mbili kwa siku kumi na tisa, hatua kwa hatua, na nimeandika yote kwenye shajara yangu. Ushirika mzima unacheka, lakini wazee wamesema Jumamosi watapiga kura, programu ibaki au turudi kwenye kitabu, na Njuki atakuja kuitetea kazi yake, ambayo ni ya kwanza kupata tangu amalize chuo. Jana alinipigia akaniuliza, "Kagwiria, mpenzi, hao wazee wana shida gani na kitu kizuri hivyo?" Nikamjibu, "Wazee ni wazee." Mshauri, niliogopa, kwa sababu shajara yangu ya tarehe 22 Januari inasema mimi ndiye niliyemwomba aondoe kijiji na boma, eti vinanichelewesha asubuhi foleni ikiwa ndefu. Nimwambieje kosa lake bila kumvunja moyo?

Kagwiria, Meru

*

Kagwiria,

Nimecheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kama niko sawa. Hongera kwa uchumba. Sasa keti nikugombeze.

Unauliza utamwambiaje "kosa lake". Isome tena tarehe 22 Januari, dada yangu. Uliagiza ukuta ubomolewe, fundi akaubomoa vizuri, na sasa unaogopa kumwambia kwamba upepo unaingia. Siku kumi na tisa umekagua simu mbili na hukupata dakika moja ya kumwambia aliyeitengeneza programu! Na wazee usiwasingizie. Wanataka ng'ombe wao aandikwe kwao, basi. Huyo kijana utamwacha asimame mbele yao akitetea kitu ambacho wewe unajua kimepasuka wapi?

Najua ulinyamaza kwa sababu mambo ni mazuri na hukutaka kuyagusa. Yaguse.

Usimtumie ujumbe. Nenda Embu kesho na simu zote mbili. Neno lako la kwanza liwe, "Njuki, mimi ndiye niliyekuomba uondoe boma, na nilikosea." Kisha mtafuteni ng'ombe wa mzee Kailemia, wewe kwenye toleo la kwanza, yeye kwenye la pili, na umwache aone mwenyewe. Usimhubirie. Wala usimwambie arudishe lile la kwanza lote, maana foleni ilipungua kweli. Majina yabaki mbele, lakini kila jina liandikwe na kijiji na boma lake hapo hapo chini. Msiinuke mezani kabla ya kuwajaribu akina Kailemia wote saba.

Halafu Jumamosi usimame kabla yake, useme ni wewe uliyebonyeza vibaya na ni wewe uliyempeleka daktari kwa fahali. Watacheka sana. Waache wacheke mpaka wafute machozi, ndipo umpishe Njuki aonyeshe. Wazee wakishacheka hivyo hawapigi kura kwa hasira.